Samaki Wadogo wa Vijito vya Kigoma: Jinsi ya Kuwatofautisha Wanaofanana

Mtu akizamisha wavu mdogo katika kijito kinachoshuka kuelekea Mto Luiche au Mto Malagarasi, hasa baada ya masika, maji yanapopungua na kuanza kuwa maangavu, hupata samaki wa urefu wa kidole ambao wengi wetu tumezoea kuwagawa mafungu mawili: wanaong'aa ni dagaa, na wenye miiba mgongoni ni vifaranga vya perege. Kwa anayetafuta kitoweo cha jioni mgawanyo huo unatosha. Haumtoshi mwalimu anayewapeleka wanafunzi mtoni wakajifunze viumbe wa kwao, wala haumtoshi mfugaji wa Kasulu au Buhigwe anayetaka kuchota vifaranga vya mtoni ajaze bwawa lake, kwa sababu katika vijito vyetu wengi wa hao wanaong'aa si dagaa hata kidogo, na wengi wa hao wenye miiba hawatakuwa perege hata wakilishwa mwaka mzima.

Inafaa kwanza kujua uzito wa kilichomo ndooni. Malagarasi ni mto mkongwe kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe; ulikuwa ukitiririka kuelekea Kongo kabla bonde la ufa halijafunguka na ziwa kuukatiza, na ndiyo maana hadi leo una samaki ambao jamaa zao wa karibu wako ng'ambo ya ziwa, katika mfumo wa Mto Kongo. Mwaka 1998 watafiti De Vos na Seegers walizieleza kisayansi kwa mara ya kwanza spishi saba za jenasi (yaani kundi la spishi zenye nasaba ya karibu) ya Orthochromis, samaki wadogo wa ukoo mmoja na perege, kutoka mabonde ya Malagarasi, Luiche na Rugufu, na majina ya baadhi yake yanatugusa moja kwa moja: Orthochromis luichensis, Orthochromis uvinzae, Orthochromis kasuluensis, Orthochromis rugufuensis. Mwaka 2011 zikafuata spishi tatu za jenasi Chiloglanis, samaki wadogo wenye sharubu, kutoka Malagarasi ya chini na Luiche. Mmoja wao anaitwa Chiloglanis igamba, kwa jina la maporomoko ya Igamba. Samaki wa namna hii huishi katika bonde moja au mawili tu duniani, kwa hiyo anayewachanganya na vifaranga vya perege anapoteza maarifa ambayo hayapatikani kwa samaki wa mahali pengine popote.

Kabla ya kulinganisha, samaki awekwe katika chupa pana ya plastiki iliyo angavu au katika mfuko mweupe wenye maji ya mto huohuo, atazamwe kutoka ubavuni, akiwa hai, kivulini. Samaki aliyeshikwa mkononi hukunja mapezi yake, na mapezi ndiyo nusu ya utambuzi wote. Macho yafuate mpango huu: mdomo uko wapi na unaelekea wapi; kuna sharubu au hakuna; pezi la mgongoni ni moja au mawili, na linaanzia sehemu gani ya mwili; kisha pua ina matundu mangapi kila upande. Rangi na ukubwa vije mwisho kabisa. Najua wengi huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayoonekana haraka, lakini kwa samaki wa vijito vyetu rangi hubadilika kwa umri, kwa jinsia, kwa hofu na kwa kifo, na nitaonyesha huko mbele samaki mmoja anayeibadilisha ndani ya dakika chache.

Wanaong'aa

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, zote za ukoo ambao jamaa zake wengi huishi baharini. Hawana sharubu, hawana mstari wa ubavuni (ule msururu wa vitundu vidogo kwenye magamba ya ubavu), pezi la mgongoni ni moja, na ukipitisha kidole tumboni kutoka nyuma kuelekea kichwani utahisi ukingo mkali wa magamba yaliyochongoka. Ni samaki wa ziwani, si wa vijito vinavyoshuka milimani. Anayepata samaki mweupe anayeng'aa umbali mrefu kutoka ziwani, kwa mfano katika kijito cha Kasulu, aliweke jina la dagaa kando na aanze upya. (Dagaa wa Mwanza, wanaouzwa sana katika masoko ya Tabora na hata ya Kigoma, ni ukoo mwingine kabisa, Rastrineobola argentea, ambao kwa nasaba wako karibu zaidi na samaki ninaowaeleza katika aya inayofuata kuliko dagaa wa Kigoma.)

Yule anayeng'aa kijitoni mara nyingi ni Enteromius, jenasi ambayo vitabu vya zamani viliiweka ndani ya Barbus. Alama yake kubwa ni sharubu fupi pembeni mwa mdomo, kwa kawaida jozi moja au mbili, ambazo hazionekani mpaka samaki atulie na mtazamaji amsogelee. Magamba ni makubwa kiasi na laini, tumbo ni la mviringo lisilo na ukingo mkali, mdomo hauna meno, kwa kuwa meno ya ukoo huu yako kooni, na pezi la mgongoni ni moja tu, katikati ya mgongo.

Anayefanana naye sana ni yule wa ukoo wa Alestidae, kama Micralestes na Brycinus. Hapa kipimo ni kimoja na hakina utata: nyuma ya pezi la mgongoni, karibu na mkia, Alestidae wana kipezi kidogo cha nyama kisicho na miiba wala vijiti, na Enteromius hawana. Alestidae pia wana meno yanayoonekana mdomoni, na hawana sharubu. Brycinus imberi huongeza alama mbili nyeusi, moja nyuma ya kichwa na nyingine kwenye shina la mkia, ila alama hizo zije baada ya kipezi, zisije kabla yake, maana wapo Enteromius wenye madoa ubavuni pia.

Wa tatu katika fungu hili ni samaki mdogo mwenye jicho linalomeremeta, Lacustricola pumilus, ambaye hapo awali aliitwa Aplocheilichthys pumilus. Huyu huelea karibu na uso wa maji, kando ya majani, wakati Enteromius wengi hupita katikati na chini. Kichwa chake ni bapa upande wa juu, mdomo unaelekea juu, pezi la mgongoni limesogea nyuma kabisa juu ya lile pezi la chini lililo nyuma ya tumbo, na pezi la mkia limeviringana badala ya kugawanyika pacha. Ukimtazama kutoka juu, sehemu ya juu ya jicho hurudisha mwanga wa bluu. Ziwani kuna jamaa yake mkubwa, Lamprichthys tanganicanus, ambaye huweza kufikia takriban sentimita 15 na hutaga katika nyufa za miamba, kwa hiyo karibu na mlango wa mto ni vyema kutofautisha mtoto wa huyo na mtu mzima wa yule. Tahadhari nyingine ni Gambusia, samaki wa Amerika aliyesambazwa katika nchi nyingi ili ale viluwiluwi vya mbu, ambaye kwa umbo la mwili anamkaribia sana Lacustricola. Gambusia huzaa watoto hai, na dume lake lina pezi la chini lililogeuka kijiti chembamba kinachoelekea nyuma. Lacustricola hutaga mayai, na pezi la chini la dume lake ni pana kama la jike. Ukiona kijiti hicho, huyo si samaki wa asili ya kwetu.

Kuwagawa Enteromius wenyewe kwa spishi ni kazi ngumu zaidi, na ni afadhali kuishia kwenye jina la jenasi kuliko kubahatisha. Hata hivyo wako wanne wanaopatikana katika mito mingi ya Afrika Mashariki ambao alama zao zinasaidia. Enteromius paludinosus ana mwiba mgumu mbele ya pezi la mgongoni, wenye meno madogo upande wa nyuma yanayokwaruza ukucha. Ukiyahisi, umekaribia jibu. Enteromius lineomaculatus ana msururu wa madoa meusi ubavuni. Enteromius kerstenii ana doa la rangi ya chungwa kwenye kifuniko cha matamvua, doa ambalo hufifia upesi samaki akifa, hivyo liandikwe angali hai. Enteromius apleurogramma ana mstari wa ubavuni usiokamilika au usiokuwepo. Kisha kuna mtego wa mwisho: watoto wa Labeobarbus, ambao wakikua huwa samaki wakubwa wa mtoni, wakiwa wadogo wanafanana na Enteromius kwa sharubu na kwa magamba. Ng'oa gamba moja begani, uliweke juani chini ya lenzi: mistari ya gamba la Labeobarbus huenda sambamba, ya Enteromius hutawanyika kutoka katikati kwenda pembeni.

Kifaranga cha perege au samaki mzima wa kijitoni?

Huu ndio ulinganisho ninaouona kuwa na matokeo makubwa zaidi, kwa sababu unamgusa mfugaji. Anayechota vifaranga mia mbili vya mtoni akidhani ni perege, kisha akawalisha pumba kwa miezi kadhaa, anaweza kujikuta na bwawa lililojaa samaki waliokwisha kukua siku aliyowatia, wanaozaliana kwa kasi bila kuongezeka ukubwa. Anayeshindana na perege hapa ni Astatotilapia burtoni, samaki aliyeelezwa kisayansi mwaka 1894 na kupewa jina la Richard Burton, msafiri aliyefika Ujiji mwaka 1858. Anaishi kandokando ya Ziwa Tanganyika na katika mito na vinamasi vinavyoingia humo, na hupenda maji yaliyotulia yenye tope na majani, mahali hasa ambapo vifaranga vya perege hujificha.

Wote wawili ni wa ukoo wa Cichlidae, na ni vizuri kuuthibitisha ukoo kwanza. Cichlidae wana tundu moja tu la pua kila upande, ambapo Enteromius na kambare wana mawili. Mstari wa ubavuni umekatika vipande viwili, cha mbele kikiwa juu na cha nyuma kikiwa chini, na pezi lao refu la mgongoni lina miiba migumu mbele na vijiti laini nyuma. Samaki mwenye alama hizo tatu ni Cichlidae bila shaka, hata akiwa wa urefu wa ukucha.

Baada ya hapo tazama mwanzo wa ile sehemu laini ya pezi la mgongoni. Kifaranga cha perege, yaani cha jenasi Oreochromis na jamaa zake kama Coptodon, huwa na doa jeusi la mviringo hapo, lenye ukingo hafifu wa rangi nyepesi, na doa hilo katika Oreochromis hupotea kadiri samaki anavyokua. Astatotilapia hana doa hilo katika umri wowote. Yeye alama yake iko chini: katika lile pezi lililo nyuma ya tumbo dume ana madoa ya mviringo ya rangi ya chungwa au manjano, yaliyozungukwa na pete nyepesi, yanayofanana na mayai ya jike lake. Jike hutaga, huyachukua mayai mdomoni upesi, kisha anapoyafuata na hayo madoa ya dume akidhani ni mayai yaliyobaki, hupokea mbegu ya dume mdomoni na mayai yakarutubishwa humo. Kwa hiyo doa juu mgongoni huelekea perege. Madoa yenye pete chini nyuma ya tumbo huelekea Astatotilapia. Jike la Astatotilapia lina madoa hafifu au halina kabisa, na kifaranga cha perege kikiwa na hofu huweza kufifisha doa lake, ndiyo maana tunahitaji alama zaidi.

Alama ya tatu ni magamba. Ya perege ni laini pembezoni. Ya Astatotilapia yana vijino vidogo sana, na ukimpapasa ubavuni kutoka mkiani kuelekea kichwani utahisi mkwaruzo wa msasa mwembamba. Kwa samaki wa chini ya sentimita nne kidole hakitoshi na lenzi inahitajika.

Rangi sasa inaweza kuingia, kwa masharti. Dume la Astatotilapia burtoni linalotawala eneo lake huwa la bluu au la manjano, na huwa na mstari mweusi mzito kutoka jichoni kushuka hadi pembe ya mdomo. Dume lisilotawala hufanana na jike: kijivu, bila mstari. Ajabu yenyewe, ambayo imechunguzwa kwa miaka mingi katika maabara za Marekani na Ulaya, ni kwamba dume lililoshindwa hupoteza mstari na rangi ndani ya dakika chache, na lililoshinda huzipata kwa kasi hiyohiyo. (Samaki huyu amekuwa wa thamani sana kwa wanasayansi: mwaka 2014 jenomu yake, yaani taarifa zake zote za kurithi, ilichapishwa pamoja na za Cichlidae wengine wanne wa Afrika.) Samaki waliobanana ndani ya ndoo karibu wote huonekana kuwa majike ya kijivu. Waache wakae nusu saa katika chombo kipana kivulini, na mara nyingi mmoja ataonyesha mstari wake.

Ukubwa nao una neno la kusema, ila si lile linalodhaniwa. Samaki wa sentimita sita anayebeba mayai au vitoto mdomoni ni mtu mzima, na katika kijito cha asili uwezekano mkubwa ni Astatotilapia. Katika bwawa lililosongamana, hata hivyo, perege hudumaa na kuanza kuzaa akiwa mdogo, hivyo alama hii inafaa mtoni zaidi kuliko bwawani. Kama samaki amekwisha kufa na unaweza kumpasua, utumbo utakupa jibu la kuaminika: wa Oreochromis ni mrefu sana, mwembamba, umejikunja mara nyingi, kwa sababu chakula chake kikuu ni mwani na mabaki ya mimea, wa Astatotilapia ni mfupi zaidi.

Mfugaji asiyeweza kufanya ukaguzi huu wote, au anayekuta alama zinapingana, kwa maoni yangu asichote kabisa. Anunue vifaranga kwa mzalishaji anayefahamika kwa afisa uvuvi wa wilaya. Na pale anapokuwa na perege wa kununua ndani ya bwawa, aweke chujio imara kwenye mfereji wa kutolea maji, kwa sababu sato na ndugu zake huzaliana kwa urahisi na Oreochromis wa asili. Bonde letu lina wa kwake, akiwemo Oreochromis malagarasi, na samaki chotara mtoni hatambuliki kwa alama yoyote niliyoitaja hapa.

Wa maji tulivu na wa maji ya kasi

Ukiwa umekwisha kuthibitisha kwamba si perege, linabaki swali kati ya Astatotilapia na Orthochromis. Mahali alipokamatwa panajibu nusu yake. Orthochromis ni samaki wa mikondo: hukaa juu ya mawe ambapo maji yanakimbia, hujibana chini, huruka kutoka jiwe hadi jiwe kwa vishindo vifupi badala ya kuogelea mfululizo. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, pua imeinama kuelekea chini, mdomo uko chini kidogo, na magamba ya kisogoni na kifuani ni madogo mno ukilinganisha na ya ubavuni. Astatotilapia ana mwili mpana zaidi kutoka mgongoni hadi tumboni, mdomo unaoelekea mbele, na hukaa katikati ya maji bila kujibana. Nimewahi kuona watu wakiwatenganisha kwa rangi ya midomo au ya mapezi. Hiyo iachwe kwa anayezijua spishi zote za bonde husika.

Kwa upande wa spishi, jina la bonde lina uzito kuliko umbo. Orthochromis wa Luiche na Orthochromis wa Malagarasi hawachangamani, kwa sababu mito hiyo huingia ziwani kwa milango tofauti, na samaki wa mikondo hawezi kupita kwenye maji mapana ya ziwa kwenda mto wa jirani. Kwa hiyo anayeandika kwamba alimkamata samaki wake katika kijito kinachoingia Luiche amekwisha kupunguza orodha yake kwa kiasi kikubwa kabla hajafungua lenzi. Samaki hawa pia ndio wa kwanza kuumia kijito kinapojaa tope la mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, maana mchanga ukifunika mawe, makazi yao yamekwisha.

Wenye sharubu ndefu

Mtoto wa kambare, Clarias, hatambuliwi vibaya mara nyingi: sharubu ndefu jozi nne, pezi la mgongoni refu linalokaribia mkia, ngozi tupu. Kilicho kigumu ni kujua kama ni mtoto wa Clarias gariepinus, anayekuwa mkubwa sana, au mtu mzima wa Clarias liocephalus, spishi ndogo ya vijito na vinamasi. Fungua kifuniko cha matamvua na uangalie vile vijiti vyeupe vilivyo kwenye tao la kwanza: vya gariepinus ni vingi na vyembamba, na huongezeka kadiri anavyokua, vya wengine ni vichache na vimeachana.

Wale wawili wa mikondo, Amphilius na Chiloglanis, huchanganywa kila siku kwa kuwa wote ni bapa, wote wana kipezi cha nyama mgongoni karibu na mkia, na wote hung'ang'ania mawe. Wapindue chali. Midomo ya Chiloglanis imepanuka ikawa kibandiko cha mviringo kilichozunguka mdomo, na sharubu za chini zimeungana nacho. Ndicho kinachomshikilia kwenye jiwe. Amphilius hana kibandiko. Ana sharubu jozi tatu zilizo huru, na hushikilia jiwe kwa mapezi mapana ya kifuani na ya tumboni. Chiloglanis ana miiba migumu mgongoni na kifuani, basi ashikwe kwa uangalifu, wakati pezi la mgongoni la Amphilius halina mwiba.

Madimbwi ya Tabora

Kwa wasomaji wa upande wa Tabora, ambako mto Ugalla huleta maji yake Malagarasi, kuna fungu ambalo halimo katika vijito vyetu vya milimani. Katika madimbwi ya msimu yanayokauka kabisa wakati wa kiangazi huishi Nothobranchius, ambaye mayai yake hustahimili ukame ndani ya tope na kuanguliwa mvua zinaporudi. Dume ni la rangi kali na jike ni la kahawia. Kwa mapezi yaliyosogea nyuma anamfanana Lacustricola, ila ni mnene zaidi, na jicho lake halirudishi ule mwanga wa bluu. Maji aliyomo yenyewe hutosha kumpambanua, kwani Lacustricola hawezi kuishi katika dimbwi linalokauka kila mwaka bila kuunganika na mto. Katika vinamasi vya Malagarasi kuna pia watoto wa kambare mamba (samaki mwenye mapafu, si jamaa wa Clarias) wenye matamvua yanayoning'inia nje ya kichwa, na hao huwashangaza watu wakadhani ni viluwiluwi vya chura. Mkia wao mrefu uliochongoka na magamba madogo yaliyozama ndani ya ngozi huwatambulisha.

Nani aulizwe

Wavuvi wazee, simu na mtaalamu havishindani, ila kila kimoja kina sehemu yake. Mvuvi wa mtoni anajua samaki huyu hupatikana wapi, msimu gani, na kama hukua au hubaki alivyo, na hilo la mwisho ni ushahidi wa thamani kubwa katika suala la perege na Astatotilapia. Majina anayotoa, hata hivyo, hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, na jina moja huweza kubeba spishi tatu, hivyo liandikwe pamoja na jina la kijiji. Programu za simu zinazotambua viumbe kwa picha zimefunzwa zaidi kwa samaki wenye picha nyingi mtandaoni, na Orthochromis wa Luiche si mmoja wao. Nazitumia kufikia ukoo na kuishia hapo. Tovuti ya FishBase inafaa kwa kuhakiki, yaani baada ya kuwa na jina mkononi, kuona kama spishi hiyo imeandikwa katika bonde lako na kama alama zake zinalingana na ulichokiona. Kwa samaki ambaye alama zake zinapingana, mahali sahihi ni kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, kilichopo Kigoma.

Mtaalamu hatafaidika na picha ya samaki aliyelala kiganjani mwenye mapezi yaliyokunjwa. Apelekewe picha ya ubavu wa kushoto, rula ikiwa kando yake, mapezi yakiwa wazi, nyingine ya mdomo kutoka chini, na kwa Cichlidae nyingine ya pezi la mgongoni na la chini kwa karibu. Maelezo yataje jina la kijito na la mto kinakoingia, kijiji, tarehe, kasi ya maji, na kama chini palikuwa na mawe, mchanga au tope. Samaki mmoja au wawili waliohifadhiwa katika spiriti wanatosha. Spiriti hufuta rangi, ndiyo maana picha hupigwa kwanza. Chandarua kisitumike kuvulia, kwa sababu hukomba hata mayai na watoto wa siku moja, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe pasivuliwe bila kibali cha hifadhi. Samaki wengine wote warudishwe siku hiyohiyo katika kijito walichotoka, kwenye kina kilekile, wala wasimwagwe katika kijito kingine kilicho karibu na nyumbani, hata kama mito yote miwili huingia Ziwa Tanganyika.